Anwani ya Ini

Baba alipeleka barua miaka thelathini na minane
kisiwani Hiiumaa, kwa baiskeli,
na theluji ikizidi, kwa miguu.
Alijua lango lenye mbwa,
nani hupasua bahasha papo hapo mlangoni,
nani huibana kwapani akaisome peke yake.

Sasa amelala Tartu. Kongosho lake limeota
kitu kama yai la kware.
Mimi nafanya kazi ng'ambo ya barabara,
kwenye mashine inayozungusha damu
mara elfu thelathini kwa dakika
hadi vilivyo vyepesi vikubali kutua.

"Pilleriin, mnatafuta nini humo?"
"Vifuko, baba. Mia nane vikijipanga
ni upana wa unywele.
Seli mbaya huvimega mwilini mwake, huviachia damuni."
"Vina nini ndani?"
"Maagizo."
Akajiinua kwa kiwiko. "Na anwani?"

Hakuna profesa aliyewahi kuniuliza hivyo.
"Iko nje, kwenye utando.
Vingine ni vya mapafu, vingine vya mfupa.
Vya kongosho huenda kwa ini."

Nje mtu alikuwa akikwangua barafu kwenye kioo cha gari,
muda mrefu.

"Na ini hupokea?"

Hupokea. Hudhani jirani kaandika.
Hutandika, hulainisha, huwaondoa walinzi langoni,
kabla mwenye barua hajafunga safari.
Mgeni njoo, mwenyeji apone:
sikulisema hilo.
Nilisema, "Wakati mwingine."

Akacheka. Majibu ya mlangoni anayajua.

Kisha, bila kuulizwa:
"Themanini na tatu. Bahasha ya jeshi,
ya kijana wa akina Kask, shamba la mwisho.
Wenzake walikuwa wanarudi kutoka Afghanistan
ndani ya masanduku ya bati.
Niliitia motoni. Mara moja tu, kazi yangu yote.
Ninyi mnaye tarishi mwizi?"

"Bado, baba. Tunamtafuta."

"Mtafuteni mwenye baiskeli," akasema,
akageukia ukuta.

Usiku huo, chini ya mrija wenye namba, si jina,
palikuwa na doa
kama pumzi juu ya kioo.
Barua za baba, maelfu kwa maelfu,
na hakuandika hata moja.
Nikazima taa.
Nikaiwasha tena.