Saa Tisa Usiku, Kayseri

Tunakutana jikoni, mimi na binti yangu,
saa tisa usiku: mimi naenda tanurini,
yeye hajalala bado.
Mimi na viatu mguuni, yeye na blanketi mabegani,
kitabu cha maswali kimeachama mbele yake
kama kinywa kisichoshiba.
Nampa chai. Hanywi.
"Baba, treni mbili zimeondoka vituo viwili..."
Nami, niliyeacha shule darasa la tano nikakande unga,
namjibu: "Zitakutana tu, mwanangu. Lala."

Hacheki.

Dirishani mlima Erciyes umejifunika theluji gubigubi
kama mtu asiyetaka kuulizwa.

Shule ya sayansi iko kilimani, kuta zake mawe meusi.
Huchukua watoto tisini.
Nurhayat, mke wangu, kabandika ratiba mlangoni mwa friji,
rangi tatu, na hesabu ya siku zilizosalia;
kila asubuhi huikata moja kwa wino mwekundu,
mkono hautetemeki.
Bangili zake mbili za harusi zilikwenda kwa sonara,
zikarudi zikiwa risiti za tuisheni.
Elvan hatukumwambia. Anajua.
Siku hizi anakula kidogo, kama mgeni.

Perihan wa ghorofa ya tatu alikuja kununua mikate minne,
akaegemea mizani yangu kana kwamba anapimwa yeye:
"Tuğra wangu kakosa mawili tu mtihani wa majaribio.
Elvan je?"
Nikasema: moja.
Uongo ule niliubeba hadi nyumbani kwapani,
ungali moto.

Usiku huo ndipo lilipontoka neno
ambalo ningetoa tanuri zima kulirudisha:
"Wenzako wanaweza. Wewe una nini?"
Hakunijibu. Akachonga penseli. Akachonga,
akachonga, hata ikawa haina pa kushikwa.

Jumapili ya Juni.
Chupa ya maji tumeibandua karatasi, ndivyo kanuni isemavyo.
Penseli tatu, na ile fupi kaing'ang'ania iwemo.
Raba. Kitambulisho.
Saa tatu na nusu lango lilikwisha kufungwa,
nasi wazazi tumebaki juani
kama mizigo iliyosahauliwa stesheni.
Mama mmoja alisoma dua, midomo tu ikienda.
Baba mwenye suti alivua koti, akalikunja,
akalikunjua, akalivaa.
Perihan akaja kusimama kando yangu. Hakuuliza kitu.
Nikamegua mkate, nikampa nusu.
Tukala tumesimama, macho langoni.

Julai, matokeo.
Elvan yumo katika watano wa juu kwa kila mia.
Kilimani walikomea kwa mmoja.
"Subira huvuta heri," ilinifika ulimini,
nikaimeza. Methali ni tamu kwa aliyekwisha kupona.
Nikasema: "Lile neno la usiku ule..."
"Nalikumbuka," akasema,
akavuta kiti, akanisogezea orodha ya shule zilizobaki.

Moja nyuma ya kiwanda. Moja ng'ambo ya reli.
"Hii ya reli ina maktaba?"
Sikujua. Tukaenda kwa miguu kuangalia.
Ilikuwa imefungwa, likizo; tukachungulia,
vipaji vya uso vimegusa kioo,
pumzi zetu zikifanya ukungu, tukiufuta kwa mikono:
meza, makabati, ngazi ya kufikia vitabu vya juu.
"Kuna ngazi," akasema.
Njiani kurudi alikula ndizi mbili.

Sasa saa tisa usiku jiko ni giza.
Mlango wake naupita kwa ncha za vidole, viatu mkononi.
Penseli zile nimezipeleka dukani,
naandikia madeni ya mikate.
Ile fupi ni kama kidole gumba, haishikiki vizuri,
herufi zinakwenda upande.
Naandikia hiyo hiyo.