Geuka Kidogo Kushoto

Miaka kumi na tisa napiga picha za pasipoti hapa Ngara,
ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri,
na sijaona bado uso uliolingana.
Sikio moja hukaa juu ya mwenzake,
jicho moja huamka kabla ya la pili,
na watu hupendeza vivyo hivyo,
hulipa, huondoka.

Ila Kasiva, ndugu yangu wa tumbo moja,
nilimwambia kabla hata hajaketi:
geuka kidogo kushoto.
Hapo. Tulia.
Nilijua taa itokee wapi,
kivuli kiangukie shavu lipi,
ule mpindo wa pua umezwe usionekane.
Picha zake zilirudishwa mara mbili uhamiaji:
mwombaji atazame kamera, si dirisha.

Mpindo huo ni wangu.
Geti la Makongeni, likizo ya Agosti,
mimi nasukuma kutoka ndani nikicheka,
yeye anasukuma kutoka nje.
Akachoka kwanza.
Mama alimwinamisha juu ya karai,
akasema mfupa wa mtoto hujiunga wenyewe.
Ulijiunga.
Haukuuliza wapi.

Alipotaja upasuaji, Mama aliweka kikombe chini:
"Akiba yote ya sacco! Haya yatakutokea puani."
"Mama," Kasiva akajibu, "si ndiko yanakokwenda?"

Hurlingham, nilipewa kiti cha wasindikizaji.
Daktari Barongo alifungua kalamu ya zambarau
akaugawa uso wa dada yangu kama shamba la urithi:
paji fungu moja, pua fungu moja,
mdomo na kidevu fungu la mwisho.
Kisha akashusha mstari kutoka katikati ya nyusi,
na pua ikaonekana ikiukatiza
kama mtu avukaye barabara bila kutazama.

"Uso mwingine sina wa kukupa," alisema.
"Naweza kuirudisha pua kwenye mstari wake,
kuunyoosha ukuta wa ndani, hewa ipite pande zote mbili.
Ukubwa hauna kosa.
Ni kidevu kilichorudi nyuma kidogo,
kikaisingizia pua."

Tulicheka. Mimi nilichelewa kuacha.

"Na hii nundu ya juu?" Akaigusa kwa ncha ya kalamu.
Kasiva hakunitazama.
"Hiyo si ya geti. Hiyo ni ya marehemu baba.
Iache."
Daktari akachukua pamba yenye spiriti,
akafuta alama moja.

Wiki ya kwanza alikuwa na macho ya bondia,
bamba gumu katikati, hasira pembeni.
Uvimbe, aliambiwa, huaga taratibu,
unaweza kumaliza mwaka mlangoni.
Nilimletea uji wa wimbi, akaulalamikia.

Usiku mmoja, bamba limeshatolewa,
nililala sebuleni kwake, Donholm.
Tangu utotoni namjua usingizini:
mdomo wazi, msumeno wa mbali.
Usiku ule sikusikia kitu.
Niliogopa. Nikaenda hadi mlangoni pake, miguu mitupu.
Midomo imefumba.
Kifua kinapanda, kinashuka,
na pua inafanya ile kazi yake ya kwanza
ambayo kamera yangu haijawahi kuiona.

Jana amekuja studio; pasipoti imeisha muda.
Muuza vipuri wa chini amemwuliza
kama amebadilisha msusi.
Ameketi.
Nimeinua kamera, na kwa mazoea
ulimi umeshaanza, geuka kido—

Amebaki vilevile, amenikabili,
nundu ya baba juu, mstari chini yake,
kidevu bado nyuma kidogo,
sikio la kulia bado juu ya mwenzake.
Ananingoja.

Basi nimehamisha taa.