Kisigino cha Valto

Mlinzi alilifungua begi la Shangazi Sisko, akaguna:
nyundo ndogo, misumari, kopo la gundi.
"Bibi, umekuja kujenga?"
"Hivi sitoki nyumbani bila hivi tangu mwaka wa sabini na tatu."
Nyundo na misumari vikabaki mlangoni, tukapewa namba.
Gundi ikapita, sijui kwa nini.

Tampere, mwezi wa pili. Ziwa limeganda,
watu wanatembeza mbwa juu yake.
Humu ndani tuko elfu kumi na moja
na tumesimama kama wanaongoja benki ifunguliwe,
kila mtu na nafasi yake, kila mtu na kimya chake.
Huku kwetu mtu hupiga kelele akijikata kidole,
na hata hapo huomba radhi.
Tiketi ya pili ilikuwa ya Joonatan.
Joonatan alihama Januari na birika la kahawa.
Kwa hiyo, Shangazi.

Taa zikazimwa.

Kwanza yakaja manyoya,
mekundu bila ya haya,
yametanda, yapepea,
mwenyewe hajatokea;
kisha bega, kisha shingo,
kisha kidevu kwa ringo,
shanga na vioo vingi,
hariri ya kila rangi:
Valto Kimallus ni huyo!
Nikashika wangu moyo.

Ngoma ilinipiga kifuani kama jirani anayegonga ukuta.
Bwana wa mbele yangu, mwenye miwani na mkoba wa kazini,
alitoa sauti ambayo nadhani
hata yeye hajawahi kukutana nayo.
Nami nikapayuka. Halikuwa neno.
Wiki sita nilikuwa mtu wa kula mkate kwa kusimama jikoni,
na sasa nilikuwa mdomo tu, mdomo na mikono miwili juu.

Shangazi alikuwa anatazama viatu.
"Anakanyagia upande," aliniambia sikioni.
"Cha kushoto hakifiki wimbo wa nne."
Kiliruka katika wa tatu.

Valto akayumba kama ndama kwenye barafu,
akakaa ukingoni mwa jukwaa, manyoya yakiwa mto,
akainua buti la fedha lisilo na kisigino.
"Kuna fundi humu?" Alikuwa anatania.
Mkono wa Shangazi ulishakuwa juu, wima, kama wa mwanafunzi.

Buti likaja kwetu mkono kwa mkono, juu ya vichwa,
wakilishika kama mtoto mchanga anayepitishwa harusini.
Kisigino kikafuata nyuma yake.
"Inama," Shangazi akaniamuru.
Mgongo wangu ukawa meza.
"Gundi bila msumari ni uongo," alinung'unika,
"lakini uongo huu utafika mwisho wa usiku."

Basi wimbo wa nne sikuuona.
Valto aliuimba bila ngoma, mguu mmoja peku,
kwa sauti ndogo, yenye mkwaruzo,
sauti ya mtu anayeimba akiosha vyombo,
nami niliona sakafu tu:
viatu vya watu, theluji iliyoyeyuka, unyoya mmoja mwekundu
unaosogea kila mtu alipopumua.
Hakuna aliyekohoa.
Shangazi alikandamiza kwa viganja vyote viwili,
uzito wake wote, dakika nne,
na wimbo ukapita mgongoni mwangu kupitia mikono yake.
Nililia. Chozi lilianguka moja kwa moja chini,
haliku­pitia hata shavuni.

Buti likarudi, likavaliwa.
Akaruka! Likashika,
na ukumbi kulipuka.

Baadaye tulisimama foleni kuchukua nyundo.
Kwenye tramu Shangazi alikuwa na vipande vya kioo
katika sufu ya kofia, akimeta, hana habari.
"Mshonaji wake hodari," alisema. "Fundi viatu wake mwizi."
Vituo viwili vikapita.
"Na yule Joonatan wako,
mimi nilimwona mapema. Gundi tu."