Chapa

Magunia mia na arobaini ya sandarusi,
nta ya Liwale, ufuta wa Mingoyo:
niliyapiga chapa mwenyewe, kwa lami,
herufi ya Kiarmenia ya Bwana Hagopu,
ile iliyopinda kama ndoana.

Vita ikatangazwa meli ikiwa njiani,
haijui.
Manowari ikaisimamisha kama askari
amsimamishavyo mlevi.

Hakimu wa ng'ambo akauliza: mali ya nani?
Karatasi ikajibu: raia wa Sultani wa Waturuki.
Basi, adui. Nyundo. Mnada.

Barua ilifika Lindi kwa njia ya Wareno,
imezunguka miezi saba.
Bwana Hagopu akaisoma wima, mlangoni pa ghala,
akacheka hata miwani ikamdondoka.
"Likungu," akasema, "Sultani huyo huyo
kamuua kaka yangu, kachoma na kanisa.
Leo nimevishwa jina lake
kama mbuzi kengele."

Sikuwa na la kumjibu.
Nikaokota miwani, nikaifuta kwa kanzu.

Ghalani, sakafuni, pale lami ilipopenya gunia,
ndoana bado imelala, nyeusi,
haijavua kitu;
nami bado namdai
mshahara wa miezi mitatu.