Majina Ubavuni

Basi liliniteremsha mbele ya kanisa lenye mnara mfupi,
likageuza, likarudi lilikotoka.
Nikabaki na mkoba wangu, na mvua isiyoamua
kama ni mvua, au ni ukungu uliochoka kusimama.

Nilikuja kwa sababu ya kitanda namba sita.
Zamu ya usiku, wodi ya wanaume, mjini Reading:
mzee Cuthbert Dimmock hakuwa mtu wa kulala.
Kila saa tisa alinipeleka Eldersham kwa maneno tu,
huku namgeuza ubavu asipate vidonda.
"Ukifika darajani, shuka kushoto.
Uliza boti yangu. Ya kijani, mstari mwekundu.
Chai imo kwenye kopo la biskuti."

Nilishuka kushoto.
Mto haukuwa mpana. Mto, kusema kweli,
ningeurusha jiwe likatua ng'ambo, kwenye ng'ombe wa watu.
Boti zilijipanga ukingoni, ndefu, nyembamba,
kama wateja wa benki wasiotaka kutazamana.
Moshi wa makaa. Baiskeli juu ya paa. Mnanaa ndani ya ndoo.
Bata walinikagua, wakaona sina mkate,
wakaniacha.

Na pale mto unapokata kona
nikayakuta malango, mawili juu, mawili chini,
mbao nyeusi, nene kama godoro.
Boti huingia, hufungiwa, maji hujazwa,
nayo hupanda taratibu, kama mgonjwa
anayeinuliwa mgongo ili apate kunywa uji.
Mto umejengewa ngazi.
Nani angedhani maji yanahitaji ngazi?

"Usisimame tu," mwanamke akaniambia,
koti la manjano, buti hadi magotini.
"Geuka. Weka kiuno hapo. Mikono haisaidii."
Huyo ndiye Hester Thirkettle, mlinzi wa malango.
Nikaegemea boriti. Hakuna kitu.
Nikaegemea tena. Hakuna.
Kisha, bila kelele,
dunia ikasogea shubiri moja.

Nikamuuliza ilipo boti ya marehemu Dimmock.
Lile neno marehemu lilimfikia kabla ya jina.
Akapangusa pua kwa kiganja, akatazama maji.
"Cuthbert? Cuthbert hakuwa na boti, binti yangu.
Cuthbert aliogopa maji. Hata daraja
alilivuka akiwa amekazia macho kanisa."
Akacheka kidogo, kicheko kikamkwama.
"Yeye alikuwa majina," akasema.
Na kidole chake kikafuata mkondo
hadi boti ya mwisho.

Basi nikarudi kwa miguu, nikisoma mbavu:
Rosalind. Bata Mvivu. Deni la Mwisho.
Subira, na nyuma yake, Subira ya Pili.
Furaha ya Mama Mkwe, iliyolalia upande.
Kila herufi ya mwisho imekunja mkia,
mkia ukarudi chini ya neno zima, ukalibeba.
Mkia ule naujua.
Aliupiga kwenye kadi ya chakula cha wodi,
kwa kalamu yangu, mkono ukitetemeka:
supu, si samaki.

Za kijani zenye mstari mwekundu zilikuwa nne.
Katika ya tatu, kijana aliyevaa soksi zisizofanana
aliniona nimesimama muda mrefu kupita adabu,
akaniuliza kama nitakunywa chai.
Majani aliyachota kwenye kopo la biskuti.
Sikumuuliza lolote.
Nilikunywa, nikayumba kidogo na boti,
nikafikiria mtu anayepaka rangi akiwa ukingoni,
miguu yote miwili juu ya nchi kavu,
akiwapa wengine kitu cha kuondokea.

Basi la kurudi ni la saa kumi na dakika arobaini.
Mgongo unaniuma pale palipogusa boriti.
Zamu yangu inaanza saa mbili.
Kitanda namba sita kimeshapata mtu,
naye, wamenipigia simu kuniambia,
halali.