Diski Haijaonekana

Skrini nyeusi, mstari mmoja mweupe:
diski haijaonekana.
Mbale inanyeshewa. Kageha yuko mlangoni,
gambuti zimejaa tope,
amefuata kurasa nane za baba yake.
Mazishi ni kesho.

Nalaza mashine ubavu, nafungua.
Vumbi. Mjusi mkavu. Waya mwekundu
umelegea kama jino la mtoto.
Nausukuma, tik.
Nawasha. Hakuna.
Nahamisha tundu. Hakuna.
Naazima waya kwa Andanje wa duka la simu,
na diski inakoroma,
inaamka.

Ila betri ya saa imekufa.
Pembeni pameandikwa
Januari mosi, elfu mbili na tisa.

“Siku hiyo,” asema Kageha,
“alikuwa juu ya jiko, anaezeka.”

Printa inangoja.
Saa sijairekebisha.