Kipimo cha Bi. Otilia

Nyangao, karakana ya misheni. Fundi Nampoto
hapimi mbao kwanza. Anapima mguu
wa mpiga kinanda, ule wa kushoto,
uliopooza utotoni ukabaki mfupi.

"Pedali za huku nazipandisha vidole viwili.
Za kulia zikae zilipo."

Vibonye vyeusi ni mpingo wa Liwale,
vimepigwa msasa mpaka vinateleza
kama mbegu ya ukwaju mdomoni.
Vyeupe, mfupa wa ng'ombe wa Pasaka.

Mabomba bado yako bandarini Mtwara,
yanangoja karatasi na muhuri.

Jumamosi Bi. Otilia akaketi, akakanyaga:
tok. Tok.
Sauti ya mti mtupu.

Mguu umefika.

Nampoto akageuka haraka, akaanza kutafuta randa
iliyokuwa mkononi mwake.